Siku Tuliyoshuka Sekenke Watatu

Chuoni tulikuwa na sheria moja ya baiskeli: anayechoka anakaa mbele. Aliyeitunga ni yule mwenzetu ambaye sasa analima alizeti Iramba, baada ya Jumamosi moja tuliyokwenda watatu kununua viazi vitamu na waliofika getini wakawa wawili tu. Aliyeachwa njiani na mnyororo uliokatika ni mimi, na nilipowafikia niliwagombeza hadi mlinzi akatoka kibandani. Tangu siku hiyo aliyelegea alitangulizwa, mwendo wake ukawa mwendo wetu, na haikuruhusiwa kumuuliza kwa nini.

Miaka thelathini baadaye, mkulima wetu alitukusanya Misigiri. Alikuwa ametafuta baiskeli tatu za mtumba, zile za milimani zenye gia na matairi ya meno, akazipaka grisi mwenyewe. Mimi nilifika na magoti yangu mabovu na kanga ya njano kiunoni, kufunika suruali ya kubana ambayo binti yangu aliapa ndiyo inayovaliwa. Wa tatu alitoka Kintinku, mwalimu kama mimi, tuliyelala naye kitanda kimoja cha juu na chini kwa miaka miwili. Wazo la safari lilikuwa lake. Alitupigia simu mwezi mzima, mpaka mume wangu akauliza kama kuna harusi anafichwa.

Tuliondoka asubuhi kukiwa bado na ubaridi, tukaiacha lami na kushika njia ya zamani ya vumbi kuelekea ukingo wa Sekenke. Bibi mmoja aliyekuwa akianika uwele alitusimamisha kwa jicho tu. Tukashuka, tukampa shikamoo zetu tatu.

“Marahaba. Mnakimbizwa na nani?”

“Hatukimbizwi, bibi. Tunatembea tu,” mkulima akajibu.

“Watu wazima hivi!” Alitutakia safari njema huku anacheka.

Mwenzangu wa Kintinku alianza kunikera mapema. Kila nikigeuka, gurudumu lake lilikuwa karibu kugusa langu. Nikipunguza mwendo, naye hivyo hivyo. Nikienda pembeni, naye pembeni.

“We vipi? Njia yote hii na bado unanibana mimi?” nikamfokea.

Akacheka, akasema amechoka. Basi tukafanya tulivyozoea, tukamtanguliza. Nilimtania kwamba maandazi ya chai ya shuleni yamemkalia kiunoni. Akakanyaga pedali tu, nami nikaona nimempata.

Hakufika mbali. Mbuzi wawili walitoka vichakani upande wa kushoto, taratibu kabisa, na yeye hakuyumba wala kushika breki mpaka alipomgonga wa kwanza. Mbuzi akakimbia zake. Mwenzangu alikuwa chini kwenye kokoto, kiwiko kinatoka damu.

Nilimkimbilia huku nikigomba, maana mimi nikiogopa hugomba. “Mbuzi mzima hivyo, kweli?”

Akakaa, akapangusa kiwiko, akasema bila kututazama, “Sikumwona. Ya pembeni siyaoni tena. Naona ya mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.”

Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilishaondoka karibu lote kabla hajajua kwamba anaumwa. Daktari alimpa matone ya kuokoa kilichobaki, lakini hakumwahidi kitu. Ndiyo maana alikuwa ameng'ang'ania gurudumu langu: akiufuata mgongo wangu, njia inamwia rahisi. Nasi kwa wema wetu tulimwondolea mgongo wa kufuata, tukampa njia tupu.

“Kwa nini hukusema?” mkulima akauliza.

“Ningesema, tungekuwa hapa? Mngenichinjia kuku, tungekaa kwenye makochi.”

Mkulima alishatoa simu aite bodaboda imchukue. Niliafiki, tena kwa sauti kubwa. Mbele yetu mlima ulikuwa unaanza kuteremka, njia ina mawe na makorongo, na upande ule ule wa kushoto kuna bonde. Nilimwambia mimi nina wajukuu, sina nguvu za kubeba maiti. Ndivyo nilivyosema. Mungu anisamehe.

Alisimama, akainua baiskeli, akanyoosha usukani. “Dada, sijaja kufa. Nataka nishuke huu mlima mara moja nikiwa nauona, na nyie mkiwepo. Mwakani mtanipakia bodaboda mnapotaka.”

Hasira yangu iliishia hapohapo. Nilibaki na woga, na kumpenda. Nikafungua kanga kiunoni, nikaifunga nyuma ya kiti changu ining'inie pale atakapoiona. Mkulima akarudisha simu mfukoni, akakaa nyuma yake. Mimi nikatangulia.

Sijawahi kuteremka polepole vile. Kila jiwe nililitangaza. “Mchanga kulia. Breki. Korongo, shuka tutembee. Haya, panda.” Kugeuka nisingeweza, kwa hiyo kila baada ya muda niliuliza, “Upo?” naye akajibu, “Nipo.” Mara moja alinyamaza, nikazikaza breki, mpaka aliposema, “Nipo, wewe endesha.” Mteremko ulipolainika kidogo nikamsikia anaimba wimbo wetu wa mchakamchaka, vibaya kama zamani. Nikalia wazi wazi, kwa kuwa niliokuwa nao walikuwa nyuma yangu.

Chini kabisa, pale nchi inapofunguka kuelekea Shelui, tulitupa baiskeli kwenye majani. Mkulima akatoa karanga na maji. Mwenzangu hakugusa. Alimwendea mkulima, akamshika mashavu kwa mikono yake ya vumbi, akamtazama kipande kwa kipande, paji, pua, kidevu, akikizungusha kichwa chake mwenyewe taratibu ili uso wote umwingie. Mkulima, mtu na mvi zake, alitulia kama mtoto anayenyolewa.

Kisha akaja kwangu. Macho yake yalihama kutoka jicho langu moja kwenda la pili, yakashuka mdomoni, yakapanda tena.

“Umezeeka,” akasema.

“Na wewe.”

“Usitikisike,” akasema. “Sijamaliza.”