Mvua ya Rukwa

Juzi, katika ofisi ya kilimo Bariadi, bwana shamba alituonyesha ramani ya mvua iliyopimwa na setilaiti. Kwetu palikuwa peupe, yaani pakavu. Mwaka huu wanunuzi wa pamba ni wengi, mvua ndiyo haipo.

Mama mmoja kutoka Shishiyu akasogea, akaweka kidole upande wa Rukwa.

“Na huku, mwanangu? Kijana wangu alihamia huku na ng'ombe, huu mwaka wa tatu.”

“Huku imenyesha sana, mayu. Majani tele,” bwana shamba akamjibu mama yule.

Mama akashukuru, lakini kidole hakukiondoa. Kisha akasema polepole, “Basi harudi.”

Nami tangu siku hiyo nikipiga magoti kuomba mvua, sijui niiombe inyeshe wapi.