Kopo la Wafu la Fundi Kesho

Saa tatu asubuhi, mzee mmoja anamwaga wafu wake juu ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme.

Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa akifuta vumbi, anaruka nyuma. Kisha anachungulia na kucheka. Wafu wenyewe ni transista, vile vidude vyeusi vya miguu mitatu vinavyoikuzia redio sauti. Wametoka kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Nimekuja kununua kipimo," anasema mzee. "Lakini kwanza nakifanyia mtihani."

Huyu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Ukimuuliza redio yako itakuwa tayari lini, jibu unalijua. Pembeni yake amesimama mkewe na mkoba kwapani. Wateja wamempa naye jina, Bi Leo, maana redio ikishapona yeye ndiye anayenyoosha kiganja. Siku njema banda lao hupata redio mbili. Siku mbaya hupata salamu.

Safari hii imeletwa na redio ya fundi cherehani, mama mjane wa nyumba ya pili. Imetengenezwa mara tatu na mara tatu imerudi. Inaimba vizuri mpaka ipate joto, halafu inakoroma kama mgeni aliyeshiba. Mita ya zamani ya Fundi Kesho inadai kila kitu ni kizima, lakini mita yenyewe imezeeka. Mshale wake unatetemeka hata kama hujagusa kitu.

"Nilimwambia mke wangu, ikirudi mara ya nne nafunga banda," anasema Fundi Kesho. "Fundi asiyejua ubovu uko wapi anabahatisha tu, na redio ya mtu si karata."

Halafu sauti inashuka. "Namshukuru sana yule mama. Angeweza kwenda kwa mwingine na kunitangaza mtaani. Yeye anarudi kwangu. Anayekulalamikia bado anakutaka."

"Anataka redio yake," Bi Leo anamsahihisha.

Mwenye duka analeta vipimo viwili vya kushika mkononi. Kimoja kina kioo kipana chenye rangi, na herufi zake unaweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Fundi Kesho anakipenda hata kabla hakijawashwa. Macho yake yaliacha kusoma namba za transista zamani, na tangu hapo Bi Leo ndiye humsomea, hata kama mboga zinaungua jikoni. Kwa kioo hiki angejisomea mwenyewe.

"Basi nimeshaachika," Bi Leo anamnong'oneza mwenye duka, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka nje.

Kile cha pili ni kidogo, na maandishi yake ni kama mayai ya chawa.

Mtihani unaanza. Bi Leo ameshawafunga wafu wote nyuzi. Uzi mweupe, kama sanda, ni wa waliokufa kabisa. Uzi mwekundu ni wa wale wanaojifanya wazima huku wakivujisha umeme kidogo kidogo mpaka redio iugue. Kila mmoja wao aliwahi kumtoa jasho Fundi Kesho, na alifichuka pale tu alipong'olewa na mwenzake kuwekwa mahali pake.

Wafu wa sanda wanatambuliwa na vipimo vyote viwili. Inakuja zamu ya uzi mwekundu. Kioo kipana kinachora picha nzuri na kutangaza: nzima. Wanaweka nyingine: nzima. Nyingine: nzima.

"Hiki ni kama shangazi yangu," anasema Bi Leo. "Kila mchumba kwake anafaa."

Kile kidogo kinasitasita. Bi Leo anakisogeza puani.

"Kinasema inavuja. Na kiasi kimeandika."

Fundi Kesho anakitazama kioo kipana kama mtu anayeondolewa sahani kabla hajashiba. Anakirudisha taratibu.

"Nipe hiki kidogo, mama. Macho ninayo nyumbani. Nilichokosa ni mkweli."

"Kwa hiyo mimi si mkweli?" anaruka Bi Leo.

"Wewe si ulisema upara unanipendeza?"

Mwenye duka anatafuta kiti.

Mchana huohuo, bandani, redio ya mjane inafunuliwa. Kabla mumewe hajagusa kitu, Bi Leo anaigusisha bisibisi kwenye miguu ya kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme. Cheche inaruka, tap! Umeme uliojificha humo ungekiua kipimo kipya siku ya harusi yake.

"Sasa pima," anaamuru.

Kapasita ni nzima. Transista ya kwanza nzima, ya pili nzima. Ya tatu, Bi Leo anasoma na kutabasamu, kisha anachukua uzi mwekundu.

Transista mpya ikishachomelewa, mjane anaitwa. Anakaa mbele ya redio, mikono kifuani, akiingoja ikorome. Taarifa ya habari inaisha. Muziki unaingia. Redio imepata joto, na bado inaimba.

"Nitaukosa ule mkoromo," anasema mjane, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ilikoroma kama marehemu mume wangu. Lakini ahsante, jirani. Yeye hakuna fundi aliyemweza."

Sasa Fundi Kesho ana mpango. Kibao cha banda kina jina lake peke yake, nalo limepauka. Anataka kipya: Kesho na Leo, Mafundi Redio.

"Peke yangu ningeshafunga zamani," anasema. "Mungu alinipunguzia macho, akanipa mengine yenye mdomo. Nashukuru kwa macho. Mdomo nimeuzoea."

"Na kibao utakiandika lini?" anauliza Bi Leo.

Fundi Kesho anafungua kinywa kujibu. Bi Leo ameshamtia brashi mkononi, na kopo la rangi liko wazi.