Mablanketi ya Madam Mfilipino Niliyoyapeleka Kombewa

Admin, usitaje jina langu wala kanisa langu. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, nakaa Manyatta hapa Kisumu, nauza samaki wa omena mlangoni kwangu. Majirani husema mimi ni mama wa heshima. Heshima gani? Someni kwanza.

Mwanzo wa miaka ya tisini niliandikwa kazi ya nyumba na mama mmoja Mfilipino. Bwana yake alikuwa injinia wa mradi wa mpunga. Sisi tulimwita Mchina tu, tofauti tungeijulia wapi? Mama mfupi, mcheshi, anakuita "sister," anakupakulia chakula kwa mkono wake na mnakula meza moja. Nilimdharau kwa hilo hilo. Mdosi gani anakula na mfanyakazi? Nikienda nyumbani nilikuwa namuigiza anavyotembea, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Mwaka mmoja tufani ikapiga kwao, kijiji cha kaka yake kikasombwa na maji. Wafilipino wa Kisumu ungewahesabu kwa vidole, lakini walikutana kwake kila siku wakitoka kazini, na wenzao wa Nairobi wakatuma vitu. Jumamosi wakapika tambi za kukaanga wakaziuza kwenye uwanja wa kanisa. Wakaleta gitaa na redio kubwa ya kaseti, wakawa wanaimba kwa zamu. Madam wangu naye, midomo imepakwa rangi, akashika kipaza sauti akaimba na kucheza, watu wakampigia makofi.

Yawa! Nilisimama pale na sufuria mkononi nikasema, huyu hana msiba wowote. Kwetu mtu akifiwa unamsikia kutoka barabarani. Anakuja mbio, mikono kichwani, anamlilia marehemu kwa jina, na usipolia watu wanaanza kuulizana kama si wewe uliyeua. Sasa huyu anasema maji yamebeba watu wao halafu anakata kiuno? Nikaamua ni ujanja wa kuchangisha vitu vya bure. Tena nilijiona mwerevu, nimewashika.

Wakanunua mablanketi mapya kumi na mawili, mazito. Mimi na Madam tukayakunja, tukayapanga kwenye boksi kubwa, akaandika jina la kaka yake juu. Akanishika bega akasema, "Sister, likifika atajua bado ana dada." Halafu akaniachia nilifunge.

Nilitoa yote. Nikajaza mapazia yaliyotoboka, magunia na nguo kuukuu za kupangusia sakafu. Nikafunga kamba vizuri kabisa, kazi safi. Mablanketi nikayapitisha mlango wa nyuma, na nilipopata off nikayapeleka Kombewa kwa mama mkwe, nikagawia akina mama wa boma. Nilipigiwa vigelegele. Mama mkwe, ambaye tangu niolewe alikuwa ananisalimia akiangalia pembeni, siku hiyo alinivutia kiti mwenyewe. Nikakaa kama malkia, mjinga mimi.

Baada ya miezi kadhaa barua ikaja. Nilimkuta Madam ameketi kwenye sakafu ya jikoni. Akanisomea kwa sauti ndogo. Kaka yake alikuwa amefungua boksi mbele ya kijiji kizima, watu wakacheka. Ameandika, "Unakula vizuri huko ng'ambo, sisi unatutupia takataka. Maji yamebeba binti yangu na wewe unanitumia matambara. Sina dada."

Nikauliza, "Binti yupi, Madam?"

"Mtoto wake. Alikuwa amepewa jina langu."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ulikuwa unaimba?"

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Sister, ningelia, nani angenunua tambi?"

Hapo ndipo ningesema. Mnajua nilisema nini? "Labda ni watu wa bandarini waliobadilisha, Madam." Akaamini! Akainuka, akafuta uso, akaosha mchele, na tukala meza moja.

Sasa mwezi jana binti wa Madam amenipata kwenye simu kupitia mtu wa kanisani. Madam ni mgonjwa sana, alisharudi kwao. Kaka yake anakaa karibu tu, lakini zaidi ya miaka thelathini hajakanyaga kwake. Na Madam bado anawaambia, "Sister wa Kisumu aliona. Muulizeni yeye." Wanataka nirekodi sauti wamsikilizishe huyo kaka. Binti ananiambia, "Auntie, sema tu ulichokiona."

Mnaona? Naweza kusema, "Tulikunja mablanketi kumi na mawili, mapya, tukayapanga kwa mikono yetu," na hakuna uongo hapo. Kaka atakuja, watashikana mikono, na mimi nitabaki yule sister mwema wa Kisumu. Mwanangu mkubwa ananiambia, "Mama, sema hivyo halafu nyamaza." Nimemlea mwenyewe, ndiyo maana ana akili kama hiyo.

Lakini nikisema yote, Madam atakufa akijua shahidi aliyemtegemea miaka yote hii ndiye mwizi. Nimejaribu kurekodi mara tatu. Nikifika "kumi na mawili" nafuta.

Wale wa kuniambia nimwachie Mungu mpite tu, sijaja kubembelezwa. Mnaotaka kunitukana, tukaneni, hamtanishinda mimi mwenyewe. Ila mkimaliza mnijibu: nimpe ile nusu apumzike nayo, au nimwambie yote akiwa bado anasikia? Binti yake anangoja hiyo sauti kesho. Mama mkwe alipofariki blanketi moja lilinirudia. Bado ni zito, halijatoboka popote, na ndilo nimejifunika nikiwaandikia.