Programu Iliyogoma Masjala

Jumatatu ile asubuhi nilibonyeza mara mbili alama ya programu, kama nilivyofanya wiki nzima iliyotangulia, nikangoja. Kioo kikawa cheupe, halafu kikatokea kisanduku cha kijivu chenye msalaba mwekundu na maneno ya Kiingereza. Nikayasoma kwa kidole, neno moja moja: kuna faili linalotakiwa, halikuonekana, kwa hiyo programu haiwezi kuanza. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali. Jamani, nikubali nini? Mtu anakwambia kitu chako kimepotea, halafu anakutaka useme sawa!

Nikakubali. Kisanduku kikaondoka, programu ikaondoka nacho. Nikabonyeza tena, kikarudi kilekile. Nilirudia mara nane, nadhani, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo: nikikasirika narudia kosa lilelile kwa nguvu zaidi.

Na nilikuwa na haki ya kukasirika. Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa kilimo cha mboga, hapo Morogoro mjini, na kila mkulima wetu, kuanzia Mlali mpaka Mgeta juu, alikuwa na jalada lake kwenye makabati ya masjala. Masjala tulikuwa wawili: mimi, mpiga chapa, na mzee mmoja mtunza majalada. Miaka ile ilikuwa ya ubinafsishaji. Viwanda vya mjini vilikuwa vinabadilisha wenyewe, na watu walikuwa wanapunguzwa kazi kama majani ya chai yanavyochujwa. Sasa wafadhili wakatuletea kompyuta, na programu ya kuwaweka wakulima wote humo ndani. Mtaalamu akatoka Dar, akaipachika kwa sidii yake, kile kisahani cha kung'aa cha kompyuta, akala wali na kuku, akaondoka na sidii yake mkobani. Bosi akatuita wote wawili, akatwambia usoni bila kumung'unya maneno: Ijumaa ijayo wageni watakuja kuiona programu ikifanya kazi, na baada ya hapo masjala itabaki na mtu mmoja. "Atakayeonekana ana faida," akasema.

Nilikuwa na watoto wawili na baba yao alikwisha kwenda zake. Mzee alikuwa na nyumba Mgeta iliyojaa wajukuu. Kila mmoja wetu alijua hesabu ya mwenzake, hatukuizungumza.

Tulichokuwa tunazungumza ni utani. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mluguru, basi kila asubuhi nikimwamkia "Shikamoo mtani," ananijibu, "Marahaba. Bado tu hujarudi kwenu? Nani atakuzika huku, kaburi la Mnyamwezi linataka ardhi kubwa." Namjibu kwamba Waluguru wanalima kwenye ukuta, mtu akiteleza kwenye shamba lake anaangukia la jirani. Tunacheka, tunafungua makabati. Miaka saba tulifanya hivyo.

Lakini Jumatatu ile sikuwa na utani na mtu. Nilizima kompyuta, nikawasha. Kisanduku. Nikazima, nikachomoa waya, nikahesabu mpaka mia, nikachomeka. Kisanduku. Kufika saa nne ofisi nzima ilikuwa masjala kunishauri. Mhasibu akasema ni virusi, akarudi nyuma hatua mbili kama vile angeambukizwa. Dereva akasema ni vumbi, tuipulizie hewa kwa pampu ya tairi. Bosi akauliza, "Lakini si ilikuwa inafunguka?" Ilikuwa inafunguka, bosi! Ndiyo maana nalia! Hayo nilimjibu moyoni tu. Kwa mdomo nilisema, "Ndiyo bosi, nalishughulikia."

Nikampigia mtaalamu Dar. Simu ilikatika mara tatu. Ya nne akapokea, akanisikiliza, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, "Dada, umejaribu kuzima na kuwasha?" Lahaula! Nikamwambia nimezima na kuwasha mpaka swichi imepata moto. Basi akaahidi kutuma sidii kwa basi ili niipachike programu upya, nikaipokee stendi ya Msamvu.

Jumanne nilishinda Msamvu. Basi la saa tano halikuwa nayo. La saa saba, kondakta aliapa hajapewa kitu. La saa tisa na nusu likaja na bahasha iliyokaliwa na abiria mmoja tangu Chalinze. Nikaifungua palepale stendi, katikati ya makreti ya nyanya. Ilikuwa sidii kweli, nzima, haina mkwaruzo. Ya printa. Yule bwana alikuwa amenitumia sidii ya printa! Mama mmoja muuza machungwa akaniuliza kama nimepokea habari za msiba.

Jumatano asubuhi nikasema liwalo na liwe. Kama dawa ya Dar haifiki, nitapasua mgonjwa mwenyewe. Mtaalamu alinionyesha siku ile alipokuja mahali programu inapokaa ndani ya kompyuta: folda kubwa, na ndani yake folda ndogondogo, kila moja na mafaili yake. Nikaifungua. Folda zilikuwepo, lakini ndani zilikuwa tupu, zote, isipokuwa faili la kuanzishia lenyewe. Nikatoka nje ya folda ile, nikatazama pembeni, ndipo nikaziona folda nyingine ambazo sikuwahi kuziona, zimeandikwa kwa herufi kubwa: HERUFI A HADI F. HERUFI G HADI M. HERUFI N HADI Z. Na ya mwisho: YASIYOELEWEKA.

Mama yangu! Niliinua macho nikayatazama makabati yetu ya chuma ukutani. A hadi F, G hadi M, N hadi Z.

Wiki iliyopita bosi alikuwa ameniamuru nimfundishe mzee kompyuta. Nilimfundisha vibaya, nakiri, kwa haraka na kwa kusonya. Nilimwonyesha jinsi ya kutengeneza folda na jinsi ya kukokota faili kwa kipanya kutoka hapa kwenda pale, nikamwambia afanye mazoezi peke yake. Jumamosi, mimi nikiwa nyumbani nafua, yeye alikuja kufanya mazoezi.

Nikamwita. "Mzee, hii ni kazi yako?"

Akavaa miwani, akainama, akatabasamu. "Umeona eeh? Nilitaka uone mwenyewe, mtani. Humo ndani palikuwa na fujo! Majalada yamelala ovyo, la Z liko juu, la B liko chini, mengine majina yake hata hayasomeki. Nikasema wageni wakifungua kabati wakakuta vile tutaaibika. Nimeyapanga yote."

Nilimwambia maneno. Siyaandiki yote. Nilimwambia ameniua, ameniulia wanangu, na kwamba najua amefanya makusudi ili Ijumaa nionekane mjinga na yeye abaki. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwita mchawi. Mtani unaweza kumwita mchawi siku yoyote akacheka, lakini siku hiyo alinitazama usoni na akajua sifanyi utani.

Alikwenda kukaa kwenye kiti chake. Mimi nikaanza kurudisha mafaili, yote nikiyamwaga kwenye ile folda kubwa. Kisanduku. Safari hii kilitaja faili jingine. Nikalihamishia kwenye folda ndogo mojawapo, kikataja la tatu. Kumbe kila moja lilikuwa na chumba chake, na mamia yale ningejuaje lipi lililala wapi? Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu. Ilipofika saa nane nilishindwa kuona kioo kwa machozi, machozi ya hasira, siyo mengine.

Ndipo mzee akanijia na kaunta buku. Akaliweka mbele yangu, limefunguliwa. Kurasa zilikuwa zimechorwa mistari kwa rula. Jina la jalada. Lilipotoka. Lilipokwenda. Tarehe. Saini. Kila faili alilolihamisha Jumamosi ile alikuwa ameliandika, kwa wino wa bluu, herufi kwa herufi, hata yale yenye majina ya kukata ulimi. Kurasa kumi na nne, na saini yake kwenye kila mstari.

"Jalada haliondoki kabatini bila kuandikwa," akasema. "Hata likiwa la kompyuta."

Sikumwomba radhi. Nilisema tu, "Haya, nisomee."

Tulianza saa ileile, tukaendelea Alhamisi tangu asubuhi. Yeye akisoma, mimi nikikokota. Alisoma herufi moja moja kama anayeita watoto shuleni, nami nikirudia, na akiona nimelipeleka pasipo pake alinigonga bega kwa kalamu. Alipotoka kwenda kuswali adhuhuri alitia alama ya penseli mstari tuliofikia. Nilichoka, nikafoka, nikasema faili hili halipo. Akasema lipo, tazama kwenye yasiyoeleweka. Na kweli lilikuwepo. Saa kumi jioni tukamaliza mstari wa mwisho. Nikabonyeza mara mbili. Kioo kikawa cheupe, kikakaa hivyo mpaka nikaacha kupumua, halafu orodha ya wakulima wetu ikashuka, kijiji kwa kijiji.

"Alhamdulillahi," akasema mzee, akakaa chini akapangusa miwani.

Ijumaa wageni walikuwa watatu. Mmoja akataja jina la mkulima wa Mgeta ili kutujaribu. Nikaandika herufi nne tu, akatokea na shamba lake na mbegu zake. Wakaguna kwa furaha. Bosi alikuwa anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," akawaambia. "Kitu hiki juzi kilikuwa maiti kabisa." Akatugeukia. "Hebu waambieni wageni, nani kaifufua?"

Mzee alikuwa amesimama kando ya makabati. Kaunta buku lilikuwa juu ya meza, limefungwa, mtu asingejua ni la nini.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja aseme neno. Jibu nilikuwa nimeshaliandaa: kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Akanitazama, kisha akawatazama wageni.

"Kweli, huyu ni fundi," akasema.

Barua ya kupunguzwa kazi ilitoka baada ya wiki mbili. Ilikuwa ya kwake. Alipewa yake mkononi, na nakala ikaja masjala, kama zinavyokuja nakala zote, na kuhifadhi ilikuwa kazi yake. Nikamwambia, "Lete mzee, nitaihifadhi mimi." Akakataa. Akaitoboa matundu mawili, akaipa namba, akafungua kabati, akatoa jalada lake mwenyewe, akaifungia humo ndani na kulirudisha mahali pake.

Kisha akakusanya kikombe chake na mswala wake, akanipa mkono. "Asante kwa kunifundisha kompyuta," akasema. Alimaanisha. Nilimtafuta usoni nione kama kuna kijembe, sikukiona.

Mlango wa bosi ulikuwa wa tatu kutoka kwetu, na bosi alikuwemo, nilikuwa namsikia akikohoa. Ningeweza kwenda nikamwonyesha zile kurasa kumi na nne. Nilikaa pale mpaka hatua za mzee zilipoisha kwenye korido. Halafu nikawasha kompyuta, nikabonyeza mara mbili, na programu ikafunguka mara moja.