Mama Pasi na Kitambaa Cheupe cha Upindo

Saa mbili na robo asubuhi, pasi imeshapata moto. Mama Pasi anaidondoshea tone la maji kwa ncha ya kidole, kisha anatega sikio. Tss! Anatabasamu. Pasi ikilia hivyo, hakuna shati litakalomletea kiburi.

Anavuta shati la kwanza kutoka kwenye beseni. Anaanza na kola, tena upande wa ndani. Kisha mabega, mikono, mgongo. Mbele huja mwisho. Miaka kumi na mmoja yuko kwenye duka hili la dobi, na hajawahi kubadilisha mpangilio huo hata siku moja.

Simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia. Inalia. Anaisoma kwa jicho moja huku mkono ukiendelea na kazi.

"Malkia kapata wageni na hajui awapokee vipi," anasema. "Atangoja. Kwanza nimalize mkono huu."

Malkia huyo ni muuza viatu wa mji mwingine kabisa, mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani. Nchi anayoitawala haipo kwenye ramani yoyote. Inaitwa Upindo, kwa sababu iko kwenye pindo la dunia, pale ambapo nchi nyingine zote zimeishia. Watu thelathini na mmoja wameibuni wenyewe, na wanaicheza kwa maandishi kwenye kundi la simu. Huyu ni nahodha wa kivuko, yule ni jaji, mwingine mfua chuma. Mmoja anaandika mtu wake kasema nini na kafanya nini, mwenzake anajibu, na maisha ya Upindo yanasonga.

Mama Pasi ni mjane wa miaka arobaini na saba aliyeishia darasa la saba. Yeye ndiye anayetunga mila za nchi hiyo: namna ya kuapa, kuposa, kupatana baada ya ugomvi, kuzika. Wamempa cheo kabisa. Mkunja Mila.

"Bosi wangu akinisikia naongea na Malkia hudhani joto la pasi limenipanda kichwani," anasema, na kucheka mpaka shati linapata mkunjo. "Ona sasa, umenifanya nirudie."

Lakini haikuanza kwa kicheko. Ilianza kwa hofu, na wazazi wenye watoto wa umri ule wataielewa.

Miaka miwili iliyopita alikuwa anabadilisha shuka za bintiye, wakati huo akiwa na miaka kumi na mitano. Chini ya godoro akakuta daftari. Alipolifungua, akakutana na viapo. Mpindo haapi kwa mdomo, iliandikwa hivyo kwa wino mwekundu, bali huapa kwa kufunga kifungo cha juu kabisa mbele ya shahidi. Kurasa za mbele zilikuwa na sheria. Za nyuma, mazishi.

"Nililifunga upesi," anakumbuka. "Nikasema tayari, mwanangu ameshachukuliwa."

Alimpigia simu dada yake. Dada mtu hakuuliza mara mbili: "Lichome! Lichome kabla hajarudi."

Kiberiti alikishika. Asichoweza kueleza mpaka leo ni kwa nini alikirudisha jikoni na kukaa kitandani kumngoja mtoto.

"Hiki nini?" alimuuliza alipoingia, hata viatu hajavua.

"Mama! Umesoma daftari langu?"

"Nimeuliza mimi kwanza. Mnaapa nini huko? Mnaapa na nani?"

"Ni mchezo tu, Mama. Tunatunga nchi."

"Kwani zilizopo zimewashinda nini?"

Binti alishindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kile, anasema mama yake, ndicho kilichomtuliza kidogo. Mtoto aliyetekwa hachekagi vile. Hata hivyo alimwambia waziwazi: daftari halichomwi, ila litasomwa lote, mstari kwa mstari, Jumapili ijayo.

Akalisoma. Kufika kwenye mazishi, akapandwa na hasira ya namna nyingine. Vijana walikuwa wameandika kwamba mtu akifa Upindo, nguo zake hufuliwa, hupigwa pasi na kukunjwa siku ile ile.

"Nikajua hawa hawajafiwa," anasema. "Mimi shati la mwisho la mume wangu lilining'inia kwenye hanga miezi minne. Halikufuliwa. Nilikuwa naingiza uso mle ndani. Nikamwambia binti, waandikie wenzako: shati la mwisho halifuliwi mpaka litakapoacha kunukia mtu."

Binti akaandika. Kisha mtu mmoja akauliza: Huyu aliyesema hivi ni nani, na tunampataje?

Ndivyo Mama Pasi alivyoingia Upindo.

Hapa dukani anasimama saa tisa kwa siku. Anapiga pasi mashati arobaini, siku nyingine hamsini, na analipwa kwa kila shati kiasi kisichonunua hata nusu mkate. Ikifika jioni miguu imejaa mpaka viatu vinakataa. Lakini kichwa, anasema, hakina kazi wakati mkono unapiga pasi, ndiyo maana ameamua kukipa nchi ya kuendesha.

Mila aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kitambaa cheupe.

Aliitunga kutokana na msiba wake mwenyewe. Mumewe alipofariki, nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia alikuwa na swali lile lile mdomoni: ilikuwaje? Alieleza mara moja, mara mbili, mara ya thelathini. Mwisho alikuwa anaeleza kama anayesoma orodha ya nguo za mteja.

Kwa hiyo Upindo ikapata sheria. Mwenye huzuni hutundika kitambaa cheupe mlangoni. Kikishatundikwa, hakuna wa kubisha wala kuuliza, mpaka mwenyewe akitoe. Kwenye kundi, mtu alituma picha ya kitambaa na wote wakamwacha. Waliipenda mno sheria hiyo. Kuna walioilia.

"Nilijiona nimetenda jambo," anasema, na safari hii hacheki. "Nilisahau kitu kimoja. Nilisahau kwamba wale waliojaa nyumbani kwangu, pamoja na maswali yao, ndio walionilazimisha kunywa uji."

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumanne, Nahodha alitundika kitambaa.

Nahodha ndiye mwendesha kivuko wa Upindo, na maneno yake hayana breki. Hakuna asubuhi aliyowahi kuiacha ipite bila kutangaza hali ya mto ambao haupo. Ila mtu mwenyewe hawakumjua. Walichojua ni kwamba ni mlinzi, anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Mji gani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumatano ikapita. Wapindo wakaandika jinsi walivyokuwa wakipita mbele ya mlango wake kwa kunyata. Mmoja akaandika mvua, na kitambaa kikilowa. Yalikuwa maandishi mazuri, kila mtu anakiri hivyo.

Alhamisi, binti akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Mama, Nahodha hajawahi kunyamaza siku mbili."

"Kitambaa kipo mlangoni, mwanangu."

"Najua kipo. Lakini kama..."

"Sheria ni sheria. Mtu kaomba aachwe, aachwe."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mama Pasi angetoa chochote ayameze. Ijumaa binti hakumaliza chakula.

Jumamosi asubuhi, pale pale mezani pake, Mama Pasi alivuta nguo iliyofuata kwenye beseni. Ilikuwa koti la mlinzi fulani, mteja wa kawaida. Akalitandaza, akainua pasi, mkono ukagoma.

"Nikajiuliza, hivi yule anapumua humo ndani?"

Alichomoa pasi kwenye umeme. Akachukua simu, akarudi nyuma kwenye kundi mpaka akaipata picha ambayo Nahodha aliwahi kutuma kwa utani: koti lake la kazi limelazwa kitandani, na maneno, Hili ndilo vazi la nahodha. Mtu mwingine angeona koti tu. Mama Pasi alikuza picha, akatazama ndani ya kola.

Kila dobi ana alama anayozitia nguo za wateja ili zisipotee. Mle ndani ya kola palikuwa na mishono mitatu ya uzi wa kijani.

"Mishono ile naijua. Kuna dobi mmoja tu anayeshona hivyo, tena vibaya. Duka lake liko nyuma ya soko, mwendo wa dakika ishirini na tano kutoka hapa. Nahodha wetu! Kumbe siku zote tuko mji mmoja."

Alimpitia binti nyumbani, wakaenda wakikimbia. Dobi wa nyuma ya soko alimwona akamdaka kwa maneno: "Leo umekuja kuniibia wateja mchana kweupe?"

"Kaka, nitanie kesho. Koti la mlinzi, uzi wa kijani, anakaa wapi?"

Alipoiona sura yake, dobi aliacha mzaha na kufungua daftari la wateja. Mtaa ulikuwa wa tatu kutoka pale.

Mama mwenye nyumba aliwapokea kwa utulivu. "Huyo kasafiri. Tangu katikati ya wiki sijamwona."

"Kufuli iko wapi?" aliuliza Mama Pasi.

"Kufuli gani?"

"Mtu akisafiri anafunga kwa nje. Kufuli yake iko wapi?"

Mama mwenye nyumba aliutazama mlango. Kufuli haikuwepo. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mpangaji wa chumba cha pili aliusukuma kwa bega, mara mbili. Nahodha alikuwa sakafuni, nusu njia kati ya kitanda na soketi ya umeme, simu iliyozima mkononi. Alikuwa hai. Hospitali walisema ni homa ya mapafu, na kwamba siku moja zaidi ingeleta maneno mengine. Alilazwa siku tisa.

"Jumanne ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama yangu," anaeleza Nahodha, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, ambaye siku hizi huleta koti lake kwenye duka hili na kuzuia foleni kwa hadithi. "Nilitaka kimya cha siku moja tu. Homa ikanikuta humo humo, chaji ikaisha. Niliposikia mlango unapigwa, nilidhani kivuko kimegonga gati. Nikaona aibu, maana nahodha ni mimi."

Wazazi wengi wakifika hapa husema wangechoma lile daftari na yaishe. Mzazi anayesoma haya asikimbilie kiberiti. Lakini asilale pia. Aulize wale watoto wanaongea na nani, na yule wa upande wa pili akinyamaza, nani anajua mlango wake. Daftari lingechomwa, Nahodha asingekuwa na mtu wa kukuza picha ya kola yake. Na kama lingeachwa tu bila mkubwa kuuliza, wangeendelea kumwandikia mvua nzuri mpaka Jumatatu.

Upindo nako kulikuwa na kesi. Mfua Chuma alimshtaki Mama Pasi kwa kuingia nyumba yenye kitambaa: Mkunja Mila kaivunja mila aliyoikunja mwenyewe! Jaji, ambaye ni msusi wa nywele na huandika hukumu zake huku kichwa cha mteja kikiwa magotini, alimkuta na hatia.

Adhabu ilikuwa fupi. Aikunje upya.

Alifikiria wiki nzima, shati baada ya shati. Sasa kitambaa cheupe bado kipo, na bado hakuna wa kuuliza. Ila kila asubuhi ya kimya, mtu mmoja huweka kikombe cha maji mlangoni. Kwenye kundi hutumwa picha ya kikombe, na aliye ndani hujibu kwa nukta. Neno halitakiwi, nukta inatosha. Ikifika saa sita mchana bila nukta, mlango unapigwa, na unapigwa kweli, si wa kuandikwa.

Kwa ajili hiyo kila Mpindo ametakiwa kutaja mtu mmoja wa karibu na namba yake ya simu. Binti ndiye anayeandika, kwenye daftari lile lile la chini ya godoro, ambalo sasa hukaa mezani. Ishirini na tisa wameshatoa. Wawili wanakwepa.

"Malkia ni mmojawapo," anasema Mama Pasi. "Eti hana jirani. Nimemwambia muuza viatu hawezi kukosa mtu, amtaje hata mdeni wake. Sitamwachia."

Binti anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Wakipata nafasi, wanataka kuandika mila zote za Upindo kwenye kitabu kimoja, mama akisema na mtoto akiandika, kwa sababu mwandiko wa mama, kwa maelezo ya binti, unahitaji kupigwa pasi.

Lakini jambo lililo karibu zaidi ni Jumatatu ijayo. Mume wake atakuwa ametimiza miaka mitano tangu afariki, na Mama Pasi atatundika kitambaa kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe. Kundi limeshaanza kugombania nani aweke kikombe cha kwanza. Nahodha amejiandikisha mbele ya wote.

"Atachelewa tu, wale wa kivuko siwajui?" anasema, akigeuza shati la ishirini na mbili, kola ikitangulia. "Nukta yangu nitaituma, asihofu. Ila nitaichelewesha kidogo. Nataka nisikie mtu akibisha."