Siku Garsen nzima ilipojipamba kumpokea Rais, kumbe Rais ni mimi fundi cherehani

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Hiki kisa sikuhadithiwa na mtu. Kimenipata mimi mwenyewe hapa Garsen, na ukiuliza stendi utaonyeshwa cherehani yangu kwa kidole huku watu wanacheka. Sitatia chumvi, ilikuwamo tayari.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa nguo, Mpokomo wa huku huku, mama wa watoto watatu. Mwaka juzi tuliunda klabu ya kujitolea. Si chama cha siasa na hatugawani kitu. Kila Alhamisi jioni tunakutana nyuma ya hoteli moja, tunakunywa chai, tunaulizana mtaa una shida gani na mikono yetu inaweza nini. Tuko watu tisa.

Klabu za aina hii zina mambo yake. Tuna kengele ya kufungulia kikao, ambayo ni rimu ya pikipiki tunayoigonga kwa spana. Ukichelewa unaimba mbele ya wote.

Na kiongozi haitwi mwenyekiti. Anaitwa Rais.

Hayo aliyaleta katibu wetu, Mwalimu Komora. Aliona klabu kubwa za mijini wanaitana hivyo, akasema na sisi tusibaki nyuma.

Mwaka huu Rais nikawa mimi. Wiki ya kwanza niliona haya. Baada ya mwezi, mtu akiniita "Mama Neema" kikaoni namtazama kwa jicho la pembeni. Cheo kitamu, jamani.

Sasa shida yenyewe.

Kati ya barabara ya lami na zahanati ya mtaa wetu kuna mtaro mpana. Wakati wa kiangazi unashuka na kupanda, basi. Mvua ikija unajaa maji na tope hadi kiunoni, na kuzunguka ni mbali kweli.

Msimu uliopita wifi yangu alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Alijifungulia upande huu wa mtaro, chini ya leso tulizomshikia sisi wanawake. Mtoto yupo, mzima, tena mtundu. Lakini mimi nilikuwa nimeshika pembe moja ya leso, na sijaisahau siku hiyo.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Halima. Halima ni mwanachama mwenzetu, Muorma, anauza maziwa karibu na duka langu. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Akasimama kikaoni ameshika kiuno:

"Rais, mvua iko karibu. Mimi na hii tumbo nitaruka huko aje?"

Kikao kizima kikanigeukia.

Tukahangaika. Mkandarasi mmoja aliyekuwa anafunga kazi yake alikubali kutupatia kalvati nne za zege alizobakisha, yale mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya njia, pamoja na udongo wa murram wa kufukia juu yake, na kutuletea kwa lori lake. Lakini Jumamosi tu, na asubuhi tu, maana Jumapili anahama na vifaa vyake vyote.

Kalvati ni nzito, wakuu. Watu tisa, mmoja mjamzito na mmoja mgongo mbovu (Mwalimu), hatuziwezi. Lazima mtaa utoke. Na mara mbili tulishauita mtaa, tukabaki kutazamana sisi kwa sisi.

Mwalimu akasema tangazo tumwachie yeye.

Akachukua karatasi ya manila na kalamu nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa:

RAIS KUFUNGUA KAZI YA KALVATI, ZAHANATI. JUMAMOSI SAA MBILI ASUBUHI. NYOTE MNAKARIBISHWA.

Chini, kwa herufi ndogo, akaweka jina la klabu na maneno "njooni na jembe na karai".

Akalibandika mlangoni mwa hoteli. Siku hiyo hiyo mtu aliyepotelewa na mbuzi akaja na tangazo lake. Alilibandika wapi? Juu ya zile herufi ndogo.

Mwalimu anasema amefundisha insha miaka mingi, lakini hajawahi kuona mbuzi akila maneno bila hata kuwepo.

Sisi hatukuona kitu, kwa sababu wanachama tunaingilia mlango wa nyuma.

Jumatatu kazi ikaanza kumiminika dukani kwangu. Kanzu zinataka kupunguzwa, sare za kwaya zinataka kola mpya, suti zilizotoka masandukuni zinanuka nondo. Jumatano nikaanza kuwarudisha wateja. Moyoni nikasema kuna harusi kubwa mahali na sijaalikwa.

Alhamisi akaja mama mmoja wa kwaya kuchukua sare. Akasogea karibu na cherehani akashusha sauti:

"Fundi, ni kweli Rais atakuja Jumamosi?"

Nikadhani ananichokoza. Nikainama nikajifanya natunga uzi.

"Mungu akipenda, atakuja."

"Na atahutubia?"

"Maneno mawili matatu. Si mtu wa maneno mengi."

Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwa mteja. "Kumbe unamjua!"

"Kuliko mtu yeyote," nikamjibu.

Wakuu, hapo ndipo nilipolikoroga. Kabla jua kuzama habari ilikuwa imefika Tarasaa kwamba kuna fundi wa Garsen anayemjua Rais, naye amethibitisha.

Jumamosi nikatoka nyumbani na dera kuukuu, gambuti na jembe begani. Nilipokata kona ya zahanati, nikasimama.

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mtaro.

Kusema kweli nilitaka kulia kwa furaha. Nikamshika Mwalimu mkono: "Ona, watu wanaipenda klabu!" Naye alikuwa anafuta miwani.

Halafu nikaanza kuona vizuri. Jembe hakuna. Karai hakuna. Kwaya imejipanga na zile kola zangu mpya. Viti vya mbele vimevishwa vitambaa. Chifu yuko kwenye sare yake kamili, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, fimbo kwapani. Akaninyooshea mkono:

"Mama, hilo jembe toa hapo. Msafara unapita."

"Msafara wa nani, chifu?"

"Wa Rais."

Nikamwangalia Mwalimu. Mwalimu akaangalia chini. Taratibu, kama watu wawili waliokumbuka sufuria iko motoni, tukaelewa.

Nikamnong'oneza chifu ukweli wote. Akafumba macho. Alipoyafumbua akasema, "Panda pale uwaambie mwenyewe. Mimi sitaki jina langu lisikike hapo."

Nikapanda juu ya fungu la murram. Nikaeleza kwamba Rais wa klabu ni mimi, kwamba tangazo limeeleweka vibaya, kwamba tunaomba radhi. Sauti ilikuwa inakatika kama uzi mbovu.

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akapasua: "Ati Rais ni huyu fundi? Zii, acheni jokes! Nimeosha pikipiki bure!"

Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Wa nyuma wakaanza kuondoka. Dereva wa lori akapiga honi, akauliza mnashusha ama nirudi nazo. Mimi nikawa namwangalia Halima amesimama ng'ambo, mkono juu ya tumbo, na moyo ukaniuma.

Mzee mmoja akainuka kiti cha mbele. Anaitwa Mzee Mutua, mkulima wa Bura, analima kwa maji ya mfereji. Nilimjua kwa sababu Ijumaa nilimpunguzia mikono ya hiyo suti aliyovaa. Alikuja akalala kwa mpwa wake ili awahi. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Mimi nimetoka Bura na barua ya Rais," akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Sasa hii barua nitapeleka wapi?"

Halima ndiye aliyejibu, kutoka ng'ambo, kwa ile sauti yake ya kuuzia maziwa:

"Nyinyi mliambiwa Rais anakuja. Si amekuja? Huyo hapo, amebeba jembe! Sasa mnaenda wapi? Mnangoja mimi nizae hapa kwa hii mtaro?"

Kicheko kikaanzia kwa akina mama wa kwaya kikazunguka mtaro mzima. Hata kijana wa bodaboda akacheka, akaanza kukunja suruali.

Mzee Mutua akanijia. Akanipa bahasha. "Shika. Usipoteze." Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti chenye kitambaa. Kisha akashuka mtaroni na soksi zake.

Baada ya hapo sikuongoza kitu tena. Majembe yakatoka majumbani. Kamba ikapatikana. Waliovaa kanzu wakazipandisha wakazifunga kiunoni. Kalvati ya kwanza ikashuka watu wanahesabu kwa Kipokomo, ya pili kwa Kiorma, ya tatu kwa Kigiriama, ya nne kila mtu na yake, na hiyo ndiyo iliyokaa upande mpaka tukairekebisha.

Kwaya haikukubali mazoezi yake yapotee. Wakaimba wimbo wote wa kumkaribisha Rais, beti zote, huku wanapitishiana makarai ya murram. Chifu alivua kofia akashika kamba. Leo anasema mpango ulikuwa wake, na sisi tumemwachia.

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, mtu aliweza kuvuka kutoka lami hadi zahanati bila kuangalia chini.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Asubuhi moja simu ikalia, ni Halima.

"Rais, nimevuka."

Maneno hayo tu. Mtoto alizaliwa saa sita mchana, msichana. Mimi nililia juu ya kitambaa cha mteja mpaka ikabidi nikifue.

Imebaki barua. Niliiweka kwenye droo ya cherehani bila kuifungua, maana si yangu. Siku ile ile mzee akapiga simu kuulizia mvua. Akauliza pia kama nimeisoma.

"Mzee, siwezi. Imeandikwa kwa Rais."

"Na wewe ni nani?"

Nikaifungua. Ukurasa mmoja, mwandiko wa kulazimisha. Anaomba kidaraja cha mguu juu ya mfereji karibu na kwake, ili wajukuu wavuke kwenda shule. Mwisho ameandika: "Najua una kazi nyingi. Hata ukijibu tu, nitafurahi."

Kikao cha Alhamisi kiliisha haraka kuliko vyote. Nikamjibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba barua imefika, klabu inakuja Bura Jumamosi ya mwisho wa mwezi, atafute mbao na majirani, na waje na majembe. Safari hii majembe niliyaandika juu kabisa, herufi kubwa. Chini nikatia sahihi: Rais.

Nilichojifunza? Nilikuwa nadhani watu hawapendi kujitolea. Wanapenda, ila hawajazoea kuona anayeitwa mkubwa akishuka mtaroni. Cheo nilikipenda kwa sababu kinasikika vizuri, sasa kinanipa woga kidogo, na naona ni afadhali hivyo.

Wenye klabu na vikundi huko mliko, kiongozi wenu mnamwitaje, na tangazo lenu limewahi kuwaponza? Shusheni tucheke pamoja. Na mwenye mbuzi wake, kama uko humu: alipatikana?

EDIT: Mzee Mutua ametuma ujumbe sasa hivi. "Barua ya Rais nimepata. Majirani wako tayari. Suti nivae ama niwache?"

Nimemwambia avae. Nitaipiga pasi mimi mwenyewe.