Choo cha Pampu Mto Wami

Bwana mpimaji alipoleta choo chake Dakawa, niliingiwa na shaka kabla sijakigusa. Kilikuwa bakuli la chuma, mpini wa pampu, na bomba la kupenya sakafu ya mashua. Mdachi yule alikuwa akipima mto Wami, na mimi, seremala niliyejifunza kazi kwa mapadri wa Matombo milimani, niliajiriwa kutunza mashua yake ndogo. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, mpishi na mpiga kasia.

"Bwana," nilimwambia, "mashua haitobolewi chini. Ndoo yenye kifuniko na majivu inatosha. Tutakuwa tunafukia nchi kavu."

"Ndoo inanuka. Toboa."

Nikatoboa. Nikaziba kandokando kwa pamba na lami, lakini sikuliamini tundu lile. Kila asubuhi nilipapasa sakafu kwa kiganja. Ngozi ya ndani ya pampu niliipaka mafuta ya nyonyo, maana ikikauka, maji ya mto hupanda badala ya uchafu kushuka.

Wiki ya pili mpini ukakaza, bakuli likafurika. Bwana akatupanga mstari ukingoni.

"Nani katia gunzi humu?"

Mpishi, mtu mzima wa Morogoro mjini, alinitazama mimi. "Wanaojifutia magunzi ni watu wa milimani, Bwana. Sisi Waislamu tunatumia maji."

Mimi nilimshuku yeye. Nilishamwona akimwaga maganda ya ndizi bakulini. Mpiga kasia alitukwepa sote, akala peke yake. Bwana akaniamuru nifungue bomba. Mkosaji angechapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano.

Tukavuta mashua nchi kavu, nikafungua. Hapakuwa na gunzi wala ganda. Zilitoka karatasi nene zilizofinyangwa. Nilipozikunjua niliona michoro ya mto na namba za vina vya maji, zimefutwa kwa mistari ya wino mwekundu kama hesabu zilizokosewa, mwandiko wa Bwana mwenyewe.

Mpishi alikuwa amesimama mgongoni kwangu. "Usimpe," akanong'ona. "Atasema umemwibia."

"Nisipompa, mzee, mmoja wetu atachapwa."

Nikampelekea juu ya jani la mgomba. Shingo ikamwiva.

"Umesoma?"

"Najua kuhesabu tu, Bwana."

Alizitupa motoni. Hakuchapwa mtu. "Ziba tundu," akasema. "Tafuta ndoo."

Niliziba kwa kipande cha mvule, nikatia kalafati ya pamba na lami, na ndoo ikatutumikia bila taabu. Lakini tangu siku ile macho ya Bwana hayakuniacha. Nikishika penseli ya kuchorea mbao, anageuka. Tulipofika kijiji cha kwanza kikubwa akaniachisha kazi, bila kusema kosa langu.

Mpishi alinifungia unga wa njiani. "Nisamehe, fundi, kwa yale ya magunzi."

"Nimekusamehe, mzee."

Nilisema kweli. Hata hivyo, njia nzima hadi Matombo nilijiuliza kama si yeye aliyemtonya Bwana kwamba nilisomeshwa na mapadri, na kwamba zile namba alizokosea nilizielewa zote.